Kupiga mitambo ya nyuklia ya adui: je, ni kuziba ufa?

Swali: Assalamu alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Kaka yangu anafanya kazi ya hoteli Doha, na usiku ule wa Juni 2025 Iran iliporusha makombora Qatar, nyumbani hatukulala. Tangu hapo wazee wetu wawili wa barazani hawaelewani. Mmoja asema usipoziba ufa utajenga ukuta: nchi inayonyemelea bomu la nyuklia ipigwe mapema, kabla haijalipata. Mwenzake asema kupiga ni dhulma, na tena sumu ya mionzi itatufika hadi huku na upepo wa kaskazi. Mimi niko katikati. Nani kasema kweli, na kaka yangu nimwambie nini?

Jibu: Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Nimefundisha mambo ya udhibiti wa silaha kwa miaka mingi, na ni nadra mtu kuniuliza swali hili akiwa na ndugu yake kule kule kunakopigwa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na ya kaka yako sitayasahau.

Nianze na mzee wa ufa, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Ila fundi yeyote wa nyumba zetu za mawe atamwambia kwamba ufa hauzibwi kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Ukipaka chokaa mpya juu ya ukuta unaonyonya maji, ufa unajificha, na utakapouona tena dari iko chini. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote katika mashambulizi haya. Bomu huvunja mitambo, na papo hapo huwatoa wakaguzi waliokuwa wakiihesabu. Anayepiga hununua muda, lakini bei anayolipa ni macho yake.

Sasa nimpe mzee haki yake. Septemba 6, 2007 ndege za Israel zilivunja jengo moja lililosimama peke yake mashariki mwa Syria, mahali panapoitwa al-Kibar, mkoa wa Deir ez-Zor. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba kile kilikuwa kinu cha nyuklia kilichojengwa kwa siri. Syria haikulipiza kisasi, wala haikujenga tena. Miaka 7 baadaye eneo lile likaangukia mikononi mwa wapiganaji wa ISIS. Nikifikiri kinu kile kingekuwa kimesimama mwaka 2014, siwezi kumwambia mzee wako kwamba kupiga hakufai abadani.

Lakini tuangalie kwa nini kulifaa. Jengo lilikuwa moja. Ujuzi ulikuwa wa kuazima. Marekani ilieleza mwaka 2008 kwamba Korea Kaskazini ndiyo iliyosaidia. Na Israel ikanyamaza kimya, haikukiri mpaka mwaka 2018. Kunyamaza kule kulimwachia Rais Bashar al-Assad mlango wa kunyamaza naye bila kuaibika mbele ya watu wake. Mtu aliyepigwa kofi gizani aweza kwenda zake. Aliyepigwa sokoni, mchana, watu wakishangilia, huyo ni vigumu kumtaka aende zake.

Mfano unaotajwa zaidi barazani ni ule wa Iraq, na ndio unaosomwa vibaya zaidi. Juni 7, 1981 ndege 8 za Israel aina ya F-16 zilikipiga kinu cha Osirak, karibu na Baghdad, kilichojengwa kwa msaada wa Ufaransa. Kinu kikavunjika. Siku 12 baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likalilaani shambulio hilo kwa azimio namba 487. Watu wengi huishia hapo na kusema: Saddam Hussein alinyang'anywa bomu. Yaliyofuata ni mengine kabisa. Kinu kile kilikuwa wazi, wakaguzi wa IAEA wakikijua na mafundi wa Kifaransa wakiingia na kutoka. Kilipovunjwa, Saddam aliuhamishia mradi gizani. Mwanafizikia Jafar Dhia Jafar, aliyekuwa kizuizini, alitolewa mwaka huo huo na kukabidhiwa kazi ya kuongoza mradi wa siri wa kurutubisha urani, wenye watu na fedha nyingi kuliko ule wa mwanzo. Dunia haikujua ukubwa wake mpaka baada ya Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, wakaguzi walipoingia na kukuta mashine kubwa za sumaku ambazo hakuna aliyezitarajia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na giza lile lilizaa giza jingine. Kwa kuwa Iraq ilikwisha kuficha mara moja, mwaka 2003 haikusadikiwa hata pale isipokuwa na kitu cha kuficha. Machi 7 mwaka huo Mohamed ElBaradei, aliyekuwa mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama kwamba wakaguzi wake hawakuona ushahidi wa mradi wa nyuklia uliofufuliwa. Aliomba muda. Wiki mbili hazikutimia, Marekani ikaivamia Iraq, na nchi ile ililipa kwa maelfu kwa maelfu ya roho. Mimi huwa siwezi kuisimulia tarehe ile bila uchungu, kwa sababu macho yalikuwepo safari hii, yakaona sawasawa, na hayakusikilizwa.

Sasa tuje kwenye Iran, na hapa itabidi nikueleze kidogo habari ya urani.

Urani inavyotoka ardhini ni kama mchele ambao haujapepetwa. Katika kila chembe 1,000, ni 7 tu za aina inayotakiwa. Zilizobaki, kwa kazi hii, ni makapi. Mashinepewa, yaani mapipa membamba yanayozunguka kwa kasi kubwa mno, ndiyo uteo wake, na kupepeta huko ndiko kuitwako kurutubisha. Kwa kinu cha umeme hutosha kufikia asilimia 3 hadi 5. Kwa bomu hutakiwa karibu asilimia 90. Mtu akisikia 60 hudhani safari bado ni ndefu, na sivyo. Ukifika 60 makapi mengi umeshayatupa, na kutoka 60 kwenda 90 ni kazi ndogo kuliko kutoka chini kufika 20. Ndiyo maana wasiwasi juu ya Iran haukuwa wa kubuni. Ilianza kurutubisha kwa kiwango cha asilimia 60 mwezi Aprili 2021, na hakuna kinu chake cha umeme kinachohitaji kiwango hicho.

Juni 13, 2025 Israel ikaanza kupiga. Juni 22 Marekani ikaingia: ndege za B-2 ziliangusha mabomu 14 ya kupasua ardhi, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 13, juu ya mtambo wa nyuklia wa Fordow uliochimbwa ndani ya mlima na juu ya ule wa Natanz, na ule wa Isfahan ukapigwa kwa makombora kutoka baharini. Rais Donald Trump akasema mitambo imeangamizwa kabisa. Tathmini ya mwanzo ya idara ya ujasusi ya jeshi lake, iliyovuja siku chache baadaye, ikasema mradi umerudishwa nyuma miezi tu. Wiki iliyofuata msemaji wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, akasema ni karibu miaka 2. Tafsiri ya tofauti hiyo ni nyepesi: waliopiga wenyewe hawakuweza kuona ndani ya mlima walioupiga.

Na kuna namba moja ningependa wazee wako waijadili kuliko methali zote. Kabla ya vita IAEA ilikadiria kwamba Iran ilikuwa na kilo 440.9 za urani ya asilimia 60. Kwa kipimo cha shirika hilo, kilo 42 hivi, zikirutubishwa zaidi, zaweza kutosha bomu moja; basi ni kama mabomu 10. Urani hiyo haikai kwenye ghala kubwa kama simenti. Hukaa katika mitungi, na mitungi yenyewe shehena yake ingeingia kwenye jahazi moja la Matondoni na nafasi ikabaki. Mapema Julai sheria ya Iran ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi ilianza kutumika. Miezi iliyofuata IAEA ikawa inakiri kwamba haiwezi kuthibitisha shehena ile iko wapi na kiasi gani. Kabla ya bomu la kwanza kuanguka, wakaguzi walikuwa wakiihesabu kwa kilo na nukta zake.

Wanasayansi kadhaa wa Iran waliuawa katika siku zile. Ila ujuzi wa kurutubisha umo vichwani mwa maelfu ya watu na vitabuni mwao, na nchi hiyo imeunda mashinepewa zake yenyewe kwa zaidi ya miaka 20. Hapa ndipo Iran inapotofautiana na Syria: ukivunja kilichoazimwa, mwenye nacho hana cha kukirudishia. Aliyejifunza mwenyewe utampunguzia muda, na pengine utamwongezea nia. Mzozo wa ndani ya Iran kati ya wanaotaka bomu na wasiolitaka ulikuwepo kwa miaka mingi. Hofu yangu ni kwamba kila shambulio linawapa wa kwanza hoja: tazameni Korea Kaskazini, inalo, haipigwi.

Kisasi nacho hakina anwani moja. Iran haikupiga Washington. Ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, Qatar, Juni 23, na ndiyo maana nyinyi hamkulala. Hakuna aliyekufa pale, kwani onyo lilitangulia na mengi yalitunguliwa angani, lakini jambo hilo halina dhamana. Ninayoyaogopa katika kulipizana ni makosa zaidi ya makusudi. Mnakumbuka Januari 2020. Tarehe 3 Marekani ilimuua Jenerali Qasem Soleimani wa Iran huko Baghdad. Tarehe 5 kambi ya Manda Bay, yenye wanajeshi wa Marekani, upande wa pili wa mlango wetu wa bahari, ikashambuliwa, na Lamu nzima ikasema vita vya Iran vimetufikia. Haikuwa hivyo. Walikuwa al-Shabaab, na vita vyao wenyewe. Lakini fikiria hofu ile ile, ya kuunganisha mambo mawili kwa kuwa yamefuatana, ikiwa ndani ya kichwa cha kijana aliyeshika kitufe cha kombora. Tarehe 8, saa chache baada ya Iran kupiga kambi za Marekani nchini Iraq, wanajeshi wake waliokuwa wakingoja kisasi waliona kitu angani Tehran, wakakitungua. Ilikuwa ndege ya abiria ya Ukraine. Watu 176 walikufa, wengi wao Wairani na watu wenye asili ya Iran waliokuwa wakirudi Canada.

Sasa nije kwa mzee wa pili na sumu yake.

Katika hili amechanganya vitu viwili. Mitambo ya kurutubisha, kama Natanz na Fordow, huwa na urani katika hali ya gesi iliyochanganywa na florini. Gesi hiyo ikivuja na kukutana na unyevunyevu wa hewa hutoa tindikali kali inayounguza mapafu. Ni hatari ya kweli kwa walio ndani na majirani wa karibu, lakini ni sumu ya kemikali zaidi kuliko mionzi, na haisafiri kuvuka bahari. Baada ya mashambulizi ya Juni, IAEA ilisema kiwango cha mionzi nje ya mitambo hakikupanda. Kinu cha umeme kinachofanya kazi ni jambo jingine. Ndani yake fueli iliyokwisha kuwaka imejaa viini vikali, kama vile iodini na sizi (caesium) zenye mionzi, na joto lake huendelea hata kinu kikizimwa. Hakihitaji hata kupigwa bomu: ukikata nyaya zinazokipa umeme wa kupoza, na majenereta yakashindwa, kinaweza kuyeyuka. Bushehr, kwenye pwani ya Ghuba, ni kinu cha namna hiyo. Rafael Grossi, mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama Juni 20, 2025 kwamba hapo ndipo shambulio lingeleta madhara makubwa kupita kote.

Kutoka Bushehr hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 3,000. Mzee asidhani nasema umbali huo ni kinga kamili. Mawingu ya kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilichopasuka mwaka 1986, yaliangusha sizi na mvua hadi milima ya Wales, na wafugaji wa kondoo huko walibaki chini ya masharti mpaka mwaka 2012. Kuhusu upepo mzee kasema neno la baharia: kaskazi ndiyo ingeleta kitu upande wetu, na vita vile vya Juni vilipiganwa msimu wa kusi, upepo ukitoka kwetu kwenda kwao. Lakini kabla wingu halijafika Lamu lingekuwa limekwisha kumwaga sehemu kubwa ya shehena yake baharini. Watakaoumia kwanza ni watu wa Ghuba, na wataumizwa kupitia maji. Doha iko karibu kilomita 400 kutoka Bushehr, na kama miji mingine ya Ghuba hunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Waziri Mkuu wa Qatar alieleza Machi 2025 kwamba walipofanya makadirio miaka ya nyuma waliona bahari ikichafuka nchi ingekaukiwa maji ya kunywa ndani ya siku 3. Ndipo wakajenga matangi makubwa ya akiba.

Kwa sisi huku, kinachofika haraka ni bei. Karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yaliyotumiwa duniani mwaka 2024 ilipita mlango bahari wa Hormuz, na mafuta ya Kenya hununuliwa kwa makampuni ya Ghuba. Hormuz haikufungwa katika zile siku 12 za vita vya Juni 2025. Hata hivyo mafuta ghafi yalipanda, na tangazo la bei za mafuta la Kenya la Julai 14 likaongeza petroli kwa karibu shilingi 9 kwa lita. Mvuvi wa Kizingitini hana habari na mashinepewa, lakini injini ya mashua yake ililipia.

Neno la dhulma nitalijibu kwa ufupi, maana wanasheria wanalo zaidi yangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaruhusu nchi kujilinda inaposhambuliwa. Kumpiga mtu kwa kuogopa atakachokuja kufanya miaka ijayo ni kitu kingine, na wanasheria wengi wa kimataifa hawakikubali. Tena mzee ana haki ya kuuliza kwa nini Israel, inayoaminika kuwa na mabomu yake, haikuingia katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na Iran imo humo tangu mwaka 1970. Ninachotaka aongeze ni kwamba dunia imewahi kufanya vyema zaidi, na Afrika ni ya mbele. Mkataba wetu wa Pelindaba, wa kuiweka Afrika bila silaha za nyuklia, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996, unakataza kushambulia mitambo ya nyuklia barani. India na Pakistan, mahasimu waliopigana mara kadhaa, walitia saini mwaka 1988 kwamba hawatapigiana mitambo hiyo, na kila Januari Mosi hubadilishana orodha yake. Hata miaka ambayo mizinga ilinguruma mpakani, orodha zilipelekwa.

Utaniuliza: basi mazungumzo yanatosha? Hapana, na lazima niseme linaloniuma. Mwaka 1994 Marekani ilikaribia kuipiga mitambo ya nyuklia ya Yongbyon, Korea Kaskazini. Ikaacha, kwa sababu Seoul na mamilioni ya watu wake iko kilomita 50 hivi tu kutoka mpakani, chini ya mizinga. Rais mstaafu Jimmy Carter alikwenda Pyongyang, mapatano yakafuata, baadaye yakavunjika, na Oktoba 2006 Korea Kaskazini ikalipua bomu lake la kwanza. Anayetetea kupiga atakunyooshea kidole hapo, na ana haki. Mimi nikipima bado naona Seoul iliyo hai, na miaka 8 ambayo kinu cha Yongbyon kilikuwa kimezimwa, chini ya macho ya wakaguzi. Iran nayo, chini ya mapatano ya mwaka 2015, ilikubali kutopita asilimia 3.67 na kilo 300, na wakaguzi walithibitisha kwamba ilitimiza. Marekani ilijitoa Mei 2018, na kupanda kwa namba kulianza baada ya hapo. Miaka ile haikuwa ya raha kwa mtu yeyote, ila kila kilo ilijulikana ilipo.

Kwa hiyo mzee wa kwanza akija na mfano wa kupiga, mwulize mambo haya: jengo ni moja au mia, ujuzi ni wa kwao au wa kuazima, kinu kina moto au hakina, na kesho yake ni nani atakayeruhusiwa kuingia kuhesabu. Syria ilijibu vyema karibu yote. Iran ilijibu vibaya karibu yote, ndiyo maana mimi nasimama upande wa wasiotaka ipigwe, nikijua fika kwamba urani yao ya asilimia 60 haikuwa ya kuwasha taa.

Na kaka yako. Mwambie ajiandikishe katika ubalozi wa Kenya Doha kama bado, na pasipoti na mkataba wake wa kazi aviweke pamoja, nakala atume nyumbani. King'ora kikilia akae ndani, mbali na vioo, kwenye chumba cha katikati. Wengi huumizwa na vipande vinavyoanguka baada ya kombora kutunguliwa, na wale wanaotoka kupiga picha ndio wa kwanza. Asikimbilie uwanja wa ndege, kwani anga hufungwa mwanzo, kama ilivyofungwa usiku ule. Awe na maji ya kunywa ya siku kadhaa chumbani. Vidonge vya iodini asinunue kwa wapitao na mifuko: husaidia tezi ya shingo peke yake, tena dhidi ya iodini ya kinu kilichopasuka tu, na humezwa serikali ikitangaza. Na mkubaliane saa maalumu ya kupigiana simu, ili mtandao ukizidiwa usiku ule mama asihesabu kila dakika ya kimya kuwa msiba.